Kuvua Rangi na Kutu Lupangoni: Historia ya Ufundi Usioandikwa

Wanahistoria wa teknolojia hupenda kuandika juu ya siku ya kuzaliwa kwa vitu. Hutuambia ni mwaka gani motokaa ya kwanza iliundwa, nani aliyepata hati ya uvumbuzi, na ni kiwanda gani kilichotoa magari mengi kuliko vingine. Lakini gari huishi maisha marefu baada ya kutoka kiwandani, na sehemu kubwa ya maisha hayo, hasa katika nchi kama yetu, hupita mikononi mwa watu wasiotajwa vitabuni: mafundi wa lupangoni, watoto wao washikao taa usiku, na wake zao wenye mabeseni ambayo huazimwa na hayarudi yakiwa mazima. Katika makala haya twataka kueleza kazi moja tu miongoni mwa kazi zao, yaani kuvua rangi ya zamani na kuondoa kutu katika vipuri vya magari. Ni kazi chafu, na labda ndiyo sababu haikupata mwandishi. Hata hivyo tutaona kwamba imefungamana na historia ya sabuni, ya shaba, ya makumbusho ya Ulaya, na hata ya msamiati wetu.

Kwa kuwa wasomaji wetu ni watu wa lugha, tuanze na maneno. Fundi wa pwani huita karatasi ya kusugulia msasa. Neno hili ni jina la mti kabla ya kuwa jina la karatasi. Mti wenyewe, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus exasperata, huota katika sehemu nyingi za Afrika ya joto, na majani yake yana uso wa kukwaruza kama ulimi wa paka. Kwa majani hayo watu walilainisha mbao na kusugua vyombo muda mrefu kabla meli haijaleta karatasi iliyopakwa gundi na chembe za kioo. Karatasi ilipokuja, wenyeji hawakuhitaji kukopa jina lake; walilipa jina la jani. Sisi wa Lubumbashi, ambao Kiswahili chetu kililelewa kando ya Kifaransa, twaita karatasi hiyo kwa jina lake la Kifaransa, na kitenzi cha Kifaransa cha kuvua rangi twakivika tu kiambishi ku- mbele yake, kikawa Kiswahili kwa siku moja. Hatusemi kuwa ni kosa. Twasema tu kwamba lugha ya pwani imehifadhi hapa kumbukumbu ya ufundi ambayo lugha yetu ya mjini haikuihifadhi.

Neno la pili ni magadi. Wote tulalao maharage twalijua jikoni. Huko Kenya ni jina la ziwa ambalo maji yake, yakikauka kwa jua, huacha tabaka la chumvi ngumu ya soda, na kampuni ya kuichimba iliundwa mwaka 1911. Chumvi hiyo ikichomwa hutoa ile soda nyeupe ya kufulia ambayo hutumiwa na viwanda vya kioo. Ulaya iliipata soda hiyohiyo kwa taabu zaidi: kwanza kwa njia ya Mfaransa Leblanc, mwaka 1791, kisha kwa njia bora ya Mbelgiji Ernest Solvay, aliyepata hati yake mwaka 1861. Soda ya kufulia ni pole. Lakini ikichemshwa pamoja na chokaa hugeuka soda kali, ile iunguzayo, ambayo fundi huinunua sokoni kwa vipimo vya kopo. Tofauti kati ya dada hawa wawili ndiyo kiini cha nusu ya habari tunayoieleza.

Rangi ya gari nayo si kitu kimoja. Yeyote aliyekwangua mlango wa gari kuukuu anajua kwamba chini ya rangi pana rangi nyingine, na chini ya hiyo nyingine tena, kama matabaka ya udongo mbele ya mchimbaji wa mambo ya kale. Magari ya kwanza yalipakwa kama yalivyopakwa magari ya farasi: mafuta ya kitani na vanishi, mkono baada ya mkono, kazi ya majuma kadhaa. Ford alipotaka kuharakisha mambo alitumia rangi nyeusi yenye asili ya lami, iliyookwa katika tanuri, na tangu mwaka 1914 hadi 1925 gari lake la Model T halikupatikana kwa rangi nyingine. Ndipo DuPont ikaleta, mwaka 1923, rangi ya selulosi iliyoitwa Duco, na mwaka uliofuata General Motors ikaitumia katika magari yake ya Oakland. Rangi hiyo hukauka kwa dakika, si kwa siku, kwa sababu haibadiliki kikemikali: kiyeyusho chake huruka hewani tu, na rangi yabaki. Kwa hiyo ukiirudishia kiyeyusho, hata baada ya miaka thelathini, inalainika tena. Fundi apataye rangi ya namna hiyo ana bahati. Kitambaa kilicholowa kiyeyusho chatosha, mradi pasiwe na moto karibu.

Baadaye zikaenea rangi za alkidi, na hizi ndizo tulizozizoea zaidi katika magari ya miaka ya 1950 na 1960, zile Peugeot 404 na malori yaliyojaza barabara zetu. Rangi ya alkidi huungana na oksijeni ya hewa na kuwa ngumu. Kiyeyusho hakiirudishi nyuma. Lakini ndani yake kuna mafuta, nayo mafuta yana adui wa kale, ambaye ni soda kali. Soda ikikutana na mafuta huzaa sabuni. Basi fundi apakaye soda juu ya mlango wa 404 hafanyi jambo jingine ila kupika sabuni juu ya bati: rangi yakunjamana, yalegea, yateleza, na maji yaichukua.

Hapa twaomba ruhusa ya msomaji kukaa kidogo, maana jambo hili lilitugusa nyumbani. Wengi wanakumbuka jinsi, katika miaka ya mwanzo ya 1990, baada ya uporaji wa Septemba 1991 na ule wa Januari 1993, sabuni ya kiwandani ilivyokuwa anasa, na akina mama wa mitaani walivyopika sabuni kwa mawese na soda. Mama mdogo alikuwa mmoja wao. Alikuwa na desturi ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: maji baridi hutangulia katika chombo, soda hufuata kidogo kidogo, na hakuna mtoto aruhusiwaye kuinama juu ya chombo hicho. Kwa nini? Alijibu kwamba soda ni kama mgeni mwenye hasira, humkuti wewe, bali yeye ndiye akukute umejiandaa. Upande wa pili wa lupango huohuo, yaya wangu alikuwa akivua rangi ya milango ya gari la baba. Naye alikuwa na soda, tena ya gunia lilelile. Siku moja, akitaka kuharakisha, alimimina maji ya moto juu ya soda iliyokuwa tayari ndani ya beseni. Mchanganyiko ule uliruka kama maziwa yaliyofurika. Tangu siku hiyo jicho lake la kushoto halioni.

Kati ya jiko la mama mdogo na lile gari palikuwa na hatua kumi na tano hivi. Maarifa ya kumwokoa yaya yalikuwapo, yalikuwa yakitumiwa kila juma, lakini yalihesabiwa kuwa mambo ya wanawake, na ufundi wa magari ulihesabiwa kuwa mambo ya wanaume. Soda ikiyeyuka hutoa joto jingi. Ikiwa nyingi na maji ni machache, joto hilo huyachemsha maji papo hapo na kuyarusha. Ikiwa maji ni mengi na soda yaongezwa kwa uchache, joto hutawanyika. Kilo moja kwa lita kumi yatosha kwa rangi nyingi za zamani. Glavu za mpira, miwani ya kufunika macho pande zote, na ndoo ya maji safi kando. Wako mafundi wenye akili wanaoongeza uji mzito wa unga wa muhogo ili soda ishike juu ya bati lililosimama isitiririke; nao ni mbinu ya jikoni iliyovuka ile njia ya hatua kumi na tano.

Soda ina mipaka yake. Alumini huliwa nayo, tena kwa povu la haidrojeni ambayo huwaka ikipata cheche. Pistoni, kabureta, gamba la giaboksi: vitu hivyo visikaribie. Land Rover, ambayo tangu mwaka 1948 bodi yake imetengenezwa zaidi kwa alumini kwa sababu chuma kilikuwa kimepungua Uingereza baada ya vita, imewaponza mafundi wengi waliodhani kila kilichopakwa rangi ni chuma. Na kwa magari ya karibuni soda haifui dafu: tangu miaka ya 1970 viwanda hutumbukiza bodi nzima katika hodhi ya rangi ya epoksi inayovutwa na umeme hadi kila kona, na epoksi haina mafuta ya kugeuzwa sabuni. Kwa rangi za namna hiyo viwanda viliuza dawa yenye dikloromethani, ambayo huvimbisha rangi kwa dakika chache. Mvuke wake umeua watu waliofanya kazi katika vyumba vilivyofungwa. Umoja wa Ulaya uliwazuia raia wa kawaida kuinunua kuanzia miaka ya 2010, na Marekani ikafuata mwaka 2019.

Sasa kutu. Kutu si uchafu uliotoka nje ukaketi juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kilichooana na oksijeni na maji. Kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huinua rangi, hufungua mlango kwa maji mengine, na kazi huendelea gizani. Ndiyo maana fundi mzee hugonga madigadi kwa kidole na kusikiliza kabla ya kutazama. Chuma kilicholiwa hakirudi. Kila njia ya kuondoa kutu huondoa tu ushahidi wa hasara iliyokwisha tokea, na mwenye gari hupata kujua ukweli akiona tundu mahali alipodhani pana doa.

Njia ya kale kabisa ni ya vitu vichachu. Wafua bati wa Ulaya, kabla ya kupaka madini ya bati juu ya chuma, walikichovya chuma katika maji ya nafaka yaliyochachushwa. Mfaransa Réaumur alieleza siri hizo mwaka 1725. Asidi ya ndimu ilitenganishwa na Msweden Scheele mwaka 1784. Siki, ndimu, ukwaju, vyote vyafanya kazi, polepole. Molasi ya kiwanda cha sukari nayo hufanya kazi: sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, kipuri kikazama humo majuma mawili au matatu. Harufu yake haisemeki, na majirani watakuja kuuliza. Lakini molasi haina haraka ya kula chuma kizima, na kwa kipuri chenye pembe nyembamba huo ndio upole unaotakiwa.

Haraka ndiyo iliyowavuta watu kwenye maji ya betri. Ni asidi ya salfuri, na hapa Katanga hakuna aliyehitaji kufundishwa nguvu zake, kwa kuwa ndiyo iyeyushayo madini ya shaba viwandani. Kutu yatoka kwa saa moja. Tatizo halionekani kwa macho: asidi ikila chuma hutoa haidrojeni, na chembe zake huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama kioo. Bati la mlango halijali. Springi na bolti ngumu hujali sana. Springi iliyong'arishwa kwa maji ya betri huonekana mpya, hufungwa, hubeba abiria, na hukatika barabarani bila kupinda kwanza. Afadhali springi yenye kutu iliyosuguliwa kwa burashi ya waya.

Njia ya tatu twaiona kuwa ya heshima kuliko zote, nayo ni ya umeme. Mwaka 1888 makumbusho ya kifalme ya Berlin yalimwajiri mkemia, Friedrich Rathgen, aangalie vitu vya kale vilivyokuwa vikioza kabatini. Katika kitabu chake cha mwaka 1898 alieleza, pamoja na mengine, jinsi ya kutibu chuma chenye kutu kwa kukizungushia zinki ndani ya maji ya soda, ili umeme uzaliwao kati ya madini hayo mawili urudishe nyuma kazi ya oksijeni. Waliomfuata waliachana na zinki wakatumia umeme wa betri au wa waya. Kwa hiyo fundi anayetumbukiza rimu ya gari ndani ya pipa na kuifunga kwenye betri anafanya, bila kujua, kazi ya mhifadhi wa panga za kale.

Na hapa Likasi ina neno la kusema. Kiwanda cha Shituru kilianza mwaka 1929 kupata shaba safi kwa umeme: maji yenye shaba, mabamba mawili, mkondo wa umeme, na shaba yaganda juu ya bamba la upande hasi. Bamba hilo huitwa katodi, na neno hilo la Faraday, la mwaka 1834, limekuwa huku kwetu neno la kawaida kiasi kwamba watoto hulitamka wakihesabu malori yapitayo. Baba mdogo alifanya kazi Shituru hadi kustaafu. Yeye ndiye aliyemwonyesha baba pipa la plastiki, maji, kijiko kimoja cha soda ya kufulia kwa kila lita nne, kipande cha chuma cha kutupwa upande chanya, kipuri upande hasi. "Kipuri ni katodi yako," alisema, na hakuhitaji kueleza zaidi. Volti kumi na mbili zatosha. Mapovu hupanda usiku kucha; asubuhi kutu nyekundu imegeuka unga mweusi utokao kwa kusuguliwa na kitambaa, na chuma kizima hakikuguswa. Soda hapa ni ile ya pole, dada wa jikoni, si ile iliyochukua jicho la yaya.

Alikuwa na makatazo matatu. Pipa likae nje, kwa kuwa mapovu yale ni haidrojeni. Waya zisiunganishwe wala kutenganishwa mkondo ukiwa wazi, kwa sababu ya cheche. Na kipande cha upande chanya kisiwe kamwe chuma kisichoshika kutu, kile cha sufuria nzuri, kwa maana kina kromu, nayo kromu huyeyuka humo ikawa sumu ya manjano ambayo mtu huimwaga kwenye mchicha bila kujua. Katazo hili la tatu aliliamini bila kitabu. Vitabu vinampa haki.

Juu ya kupiga mchanga kwa hewa tutasema machache, kwa kuwa mashine yake si ya kila lupango. Mmarekani Tilghman aliipatia hati mwaka 1870. Vumbi la mchanga mweupe huingia mapafuni na halitoki, na Uingereza ililipiga marufuku mchanga huo katika kazi ya namna hiyo mwaka 1949. Vumbi jingine latugusa zaidi, nalo ni la risasi. Rangi nyekundu ya msingi iliyopakwa chini ya malori na mabehewa ya zamani ilikuwa na risasi nyingi, kwa sababu risasi huzuia kutu vizuri mno. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba juu ya rangi nyeupe ya risasi mwaka 1921, lakini ule ulihusu wapakaji wa majengo. Mtoto achezaye chini ya lori linalokwanguliwa hakutajwa. Rangi hiyo ikisuguliwa kavu kwa msasa, vumbi lake hukaa kwenye mchanga wa lupango, mikononi, kwenye embe lililoanguka. Isuguliwe ikiwa imelowa maji, mabaki yakusanywe, watoto watolewe. Akili ya mtoto ikiharibiwa na risasi hakuna pipa la kuirudisha.

Kwa mwanahistoria kuna shida nyingine. Kipuri kilichovuliwa rangi ni kizuri, lakini ni hati iliyofutwa. Tangu Novemba 1973, serikali ilipowapa Wazaire biashara za wageni, na hasa tangu Gécamines ilipoanza kuporomoka baada ya kuanguka kwa sehemu ya mgodi wa Kamoto mwaka 1990, vipuri vimehama kutoka gari hadi gari, kutoka kampuni hadi mtu binafsi, na kila mwenyeji mpya ameacha rangi yake. Mlango mmoja waweza kutueleza juu ya uchumi wa mji wetu mambo ambayo hifadhi za nyaraka zimeyapoteza. Mafundi hawana haja na habari hiyo, na hatuwezi kuwalaumu. Wao wataka bati safi lishike rangi mpya. Twawaomba tu, pale inapowezekana, waache kiraka cha ukubwa wa kiganja upande wa ndani, mahali pasipoonekana.

Mlango wa nyuma wa 404 ya baba uko kwangu hadi leo. Yaya hakuumaliza. Nusu ya juu ni bati tupu, iliyoshika kutu upya kwa sababu hakuna aliyeipaka chochote baada ya siku ile. Nusu ya chini ina kijani kilichopakwa kwa burashi, chini yake samawati, na chini kabisa ile nyeupe ya Ufaransa. Wanafunzi wakija huomba niwaonyeshe. Yaya naye akija huupitishia mkono pale rangi inapoishia, kisha huuliza kama chai iko tayari.